Asiyesinzia na Aliyelala: Ulinzi wa Mungu na Mateso ya Taifa katika Maandiko ya Kiebrania



Nina zaburi mbili za kuanza nazo. Ya 121, ambayo wengi wetu tumeijua tangu utotoni, inamtangaza mlinzi wa Israeli kuwa hapatwi na usingizi, mchana wala usiku. Ya 44 inamsihi Mungu huyohuyo aamke, na inamuuliza waziwazi kwa nini amelala wakati watu wake wanachinjwa kama kondoo. Zote mbili zimo katika kitabu kimoja, kwa lugha moja, na zimeimbwa na watu wa imani moja. Hakuna hata moja kati yake iliyotoka kinywani mwa mkanaji Mungu.

Anayetaka kuishinda Biblia atafurahi kuupata mgongano huu. Ataunakili, kisha ataendelea kutafuta mwingine. Anayetaka kuitetea atajaribu kuufuta upesi: atasema zaburi ya kwanza ni ya msafiri mmoja na ya pili ni ya taifa, au kwamba usingizi wa Mungu ni lugha ya mafumbo tu. Ni mafumbo, sikatai. Lakini aliyefiwa na watoto wake wote vitani hapati jibu kwa kuelezwa habari za tamathali za usemi. Wote wawili, mpinzani na mtetezi, wana haraka inayofanana, na wote wawili wanawadhania wakusanyaji wa maandiko haya kuwa watu wasioona walichokishika mikononi.

Mimi nawadhania kinyume chake. Watu waliokusanya Zaburi walikuwa wajukuu wa walionusurika na njaa, kuzingirwa na kupelekwa uhamishoni. Waliijua ahadi ya ulinzi, na waliyajua makaburi. Nitajaribu kuonyesha jioni hii kwamba waliacha sauti hizi mbili zisimame pamoja kwa makusudi, na kwamba anayehubiri ile ya kwanza na kuificha ya pili anawanyang'anya wanaoteseka haki ambayo maandiko yenyewe yamewapa.

Twende Yuda, mwaka 701 kabla ya Kristo. Mfalme Hezekia amekataa kuendelea kuitumikia Ashuru, na Senakeribu ameshuka na jeshi kubwa. Isaya yuko Yerusalemu. Neno lake kwa mfalme, kama linavyosimuliwa katika 2 Wafalme 19 na tena katika Isaya 37, ni kwamba mfalme wa Ashuru hataingia mjini bali atarudi alikotoka. Ndivyo ilivyokuwa. Masimulizi yanasema malaika aliipiga kambi ya Waashuri usiku mmoja, wakafa watu 185,000, na mji ukapona.

Senakeribu naye aliacha kumbukumbu yake, juu ya mche wa udongo wa kuchomwa wenye pande sita ambao leo uko British Museum, London. Anajisifu kwamba aliteka miji 46 ya Yuda yenye ngome, akachukua watu 200,150, na akamfungia Hezekia ndani ya mji wake. Idadi ya mateka huenda imekuzwa, maana wafalme wa Ashuru walikuwa na desturi ya kujikuza. Lakini hasemi popote kwamba aliutwaa mji wa Yerusalemu, na mfalme wa namna ile asingeacha kusema. Anakubaliana na kitabu cha Wafalme hata juu ya talanta 30 za dhahabu alizotozwa Hezekia, ingawa katika fedha Wafalme wanataja talanta 300 na yeye anataja 800. Kwa hiyo tuna mashahidi wawili waliokuwa maadui, na wote wawili wanathibitisha kwamba mji haukuanguka.

Ulinzi, basi, ulikuwepo. Swali langu ni la Lakishi.

Lakishi ulikuwa mji wa ngome kusini-magharibi mwa Yerusalemu, wa pili kwa umuhimu katika nchi. Senakeribu alijivunia kuuteka kiasi kwamba alichongesha vita hiyo kwenye mawe ya ukuta katika kasri lake la Ninawi. Mawe hayo nayo yako London. Ukiyatazama unaona mteremko uliojengwa kwa mawe na udongo ili mitambo ya kubomolea ipande hadi kwenye ukuta, na mteremko wenyewe bado unaonekana Lakishi hadi leo. Unaona wanaume waliotundikwa juu ya vigingi. Unaona familia zikitoka langoni, wanawake na watoto juu ya mikokoteni ya ng'ombe, na mizigo yao imefungwa. Hawa nao walikuwa watu wa Mungu wa Isaya. Walikuwa wana wa agano lilelile, wakisali kwa jina lilelile. Miji 46 ilikuwa na watu wa aina hiyo.

Sasa msikilizeni nabii mwingine wa kizazi hichohicho. Mika hakuwa mtu wa Yerusalemu. Alitoka Moreshethi, kijiji cha upande wa Lakishi. Sura yake ya kwanza inaomboleza miji ya nchi ile ya vilima, mji mmoja baada ya mwingine, na Lakishi imo. Sura ya tatu inasema Sayuni italimwa kama shamba na Yerusalemu itakuwa magofu. Isaya anasema mji utalindwa, Mika anasema utalimwa. Vitabu vyao vimewekwa katika mkusanyo mmoja wa manabii, na kila kimoja kinaitwa neno la Mungu.

Wasomi wameandika mengi juu ya tofauti hii, lakini mimi naiona kwanza kuwa tofauti ya mahali. Aliye ndani ya ukuta uliopona anaona muujiza. Aliyetoka kijiji kilichokanyagwa anauliza kwa nini muujiza uliishia langoni pa mji mkuu. Mika anayo sababu pia: wakuu wanaojenga Sayuni kwa damu, waamuzi wanaohukumu kwa rushwa, makuhani wanaofundisha kwa ujira, na wote hao wanaegemea uwepo wa Mungu katikati yao na kusema hakuna baya litakalowafika. Hilo la mwisho ndilo linalomkasirisha kuliko yote. Wameifanya ahadi kuwa ngao ya dhuluma zao.

Karibu miaka 100 baadaye, maneno ya Mika yaliokoa maisha ya mtu. Yeremia alikuwa amesimama katika ua wa hekalu na kuwaambia watu wasitegemee jengo lile. Aliwataka waende Shilo, mahali ambapo hapo zamani palikuwa na nyumba ya Mungu, wakaone kilichobaki. Makuhani na manabii walitaka auawe. Ndipo baadhi ya wazee wa nchi waliposimama na kumkumbuka Mika kwa jina: alisema jambo lilelile siku za Hezekia, naye Hezekia hakumuua bali alimcha Mungu, na Mungu akaghairi. Habari hii imo katika Yeremia 26. Ni mahali pa nadra sana ambapo nabii mmoja anatajwa kwa jina na kunukuliwa katika kitabu cha mwingine, tena mahakamani. Tazameni walivyoielewa kauli ya Mika. Haikutimia siku zake, na hawakuiita ya uongo. Waliiona kuwa onyo lililosikilizwa. Sura hiyohiyo inaendelea kusimulia juu ya Uria, nabii aliyesema maneno kama ya Yeremia, akakimbilia Misri, akarudishwa na kuuawa kwa upanga na Mfalme Yehoyakimu. Hakuna maelezo yanayotolewa kwa nini Mungu alimlinda mmoja na hakumlinda mwingine. Mwandishi anaziweka habari hizo mbili bega kwa bega, kisha anaendelea.

Imani kwamba Yerusalemu haianguki ilikuwa na mizizi halisi. Mwaka 701 ulikuwa umetokea. Zaburi za 46, 48 na 76 zilikuwa zikiimbwa. Mwaka 1979 mwanaakiolojia Gabriel Barkay alichimba makaburi ya Ketef Hinnom, nje kidogo ya kuta za Yerusalemu ya kale, na humo zikapatikana bamba mbili ndogo nyembamba za fedha zilizoviringishwa. Zilipokunjuliwa kwa uangalifu zilionekana kuwa na maandishi yanayokaribiana sana na baraka ya makuhani iliyo katika Hesabu 6, ile inayomwomba Mungu abariki na alinde. Wataalamu wengi wanazihesabu kuwa za wakati wa kukaribia kuanguka kwa Yerusalemu. Zilikuwa hirizi, mtu alizivaa, na alizikwa nazo. Kila nikisoma habari za bamba hizo nawafikiria wale ambao huenda walizivaa wakati moshi wa Babeli ulipoanza kuonekana. Sioni sababu ya kuwadharau. Waliomba walichofundishwa kuomba.

Katika mwaka wa nne wa Mfalme Sedekia, Hanania mwana wa Azuri alisimama hekaluni na kutangaza kwamba katika miaka miwili nira ya Babeli itavunjwa na vyombo vya hekalu vitarudi. Yeremia alikuwapo, shingoni amevaa nira ya mti kama ishara. Jibu lake la kwanza lilikuwa amina. Nawaomba msiipite amina hiyo. Yeremia hakuwa na furaha ya kutabiri maangamizi. Alitamani Hanania awe amesema kweli. Kisha akaongeza kwamba manabii wa zamani walitabiri vita na mabaya, na kwamba anayetabiri amani atajulikana neno lake likitimia. Hanania alimvua ile nira na kuivunja mbele ya watu wote. Kisa hiki kimo katika sura ya 28, nacho kinanitisha kwa sababu moja: Hanania hakusema neno lolote ambalo Isaya asingeweza kulisema miaka 100 na zaidi kabla yake. Maneno ya Isaya yalikuwa ya kweli mwaka 701, nayo yalikuwa ya uongo kinywani mwa Hanania. Ahadi ya Mungu haichukuliwi kutoka siku moja na kubandikwa juu ya siku nyingine bila kuuliza watu wanaishije, nani anadhulumiwa, na mfalme anafanya nini na watumwa wake.

Babeli ilikuja. Mwaka 1935 James Starkey, akichimba Lakishi, alipata vigae vilivyoandikwa kwa wino. Ni barua za askari kutoka miaka ya mwisho ya Yuda. Katika mojawapo, ofisa anamwarifu mkubwa wake kwamba wanaangalia ishara za moto za Lakishi, maana Azeka hawaioni. Yeremia 34 inasema kwamba wakati fulani wa vita hiyo ni miji miwili tu ya ngome iliyokuwa imebaki nje ya Yerusalemu, Lakishi na Azeka. Wengi wanaisoma barua hiyo kuwa dalili kwamba Azeka tayari ilikuwa imezimika. Mwaka 587 kabla ya Kristo, au 586 kwa hesabu nyingine, ukuta wa Yerusalemu ulibomolewa na hekalu likateketezwa.

Hapo kati ya moshi, kitabu cha Yeremia kinaleta ulinzi wa namna nyingine, mdogo mno kuliko ule wa Isaya. Ebed-meleki Mkushi, mtu wa nchi iliyo kusini mwa Misri akitumika katika nyumba ya mfalme, alikuwa amemtoa Yeremia katika shimo la matope kwa kamba, akimpa nguo kuukuu aziweke kwapani ili kamba zisimchubue. Katika sura ya 39 anaahidiwa kwamba mji utaangamia, lakini yeye hatauawa. Ataondoka na uhai wake kama nyara. Baruku, mwandishi wa Yeremia, anaambiwa vivyo hivyo katika sura ya 45, tena anaonywa asijitafutie makuu. Askari hutoka vitani na nyara za dhahabu na mavazi. Hawa wawili walitoka na pumzi zao tu. Sioni kuwa hiyo ni ahadi hafifu. Ni ahadi ambayo Mwafrika mmoja wa ikulu aliyejali kwapa za mfungwa aliipata siku ambayo wana wa Daudi waliikosa.

Sasa niligeukie jibu linalojulikana zaidi. Taifa liliteseka kwa sababu lilitenda dhambi. Kumbukumbu la Torati 28 inaweka baraka na laana wazi, na kitabu cha Wafalme kinaisoma historia nzima kwa kipimo hicho. Silidharau jibu hili. Lilitolewa na waathiriwa wenyewe wakijichunguza, na kuna heshima kubwa katika taifa lililoshindwa linalokataa kusema kwamba Mungu wake ni dhaifu, au kwamba maskini wake hawakudhulumiwa.

Lakini jibu hili halitoshi, na wa kwanza kusema halitoshi ni maandiko yenyewe. Yosia alikuwa mfalme aliyesafisha hekalu na kurudisha agano. Kitabu cha Wafalme kinasema hapakuwa na mfalme kama yeye kabla wala baada yake. Nabii mke Hulda alimtumia neno kwamba atakusanywa kaburini kwa amani. Mwaka 609 kabla ya Kristo aliuawa Megido na Farao Neko. Babu yake Manase, aliyejaza Yerusalemu damu isiyo na hatia, alitawala miaka 55 na kuzikwa katika bustani ya nyumba yake. Mwandishi wa Wafalme anasema hasira ya Mungu haikugeuka kwa ajili ya mabaya ya Manase, hata baada ya mema yote ya Yosia. Mwandishi wa Mambo ya Nyakati, aliyeandika baadaye, inaonekana hakuweza kuvumilia hesabu hiyo. Kwake Manase alichukuliwa Babeli kwa pingu, akatubu, na ndiyo maana alirudi. Na Yosia aliuawa kwa sababu hakusikiliza neno la Mungu lililotoka kinywani mwa Neko. Ezekieli, akiwa uhamishoni, alikataa kabisa kwamba mwana abebe uovu wa baba. Hawa ni watu wa imani wakibishana ndani ya kitabu chao kitakatifu, na hakuna aliyemfuta mwenzake. Wafalme imebaki. Nyakati imebaki. Ezekieli amebaki.

Habakuki alikwenda mbali zaidi. Alilalamika juu ya udhalimu katika nchi yake, akajibiwa kwamba Wakaldayo, yaani watu wa Babeli, wanakuja kuadhibu. Akauliza tena: inawezekanaje aliye mwovu zaidi atumwe kummeza aliye mwenye haki kuliko yeye? Na sura ya 40 ya Isaya, ile inayoanza na faraja, inasema kwamba Yerusalemu imepokea mara mbili kwa dhambi zake zote. Pimeni neno hilo. Kama adhabu ilikuwa mara mbili ya kosa, basi nusu ya mateso hayo haina kosa linaloyaeleza. Wapo wafafanuzi wanaoyalainisha maneno haya, wakisema ni malipo kamili tu. Mimi nayaacha yalivyo.

Zaburi ya 44 haina hata nusu ya kukiri. Inaanza kwa kukumbuka mambo ambayo baba zetu walitusimulia, jinsi Mungu alivyowapandisha katika nchi bila upanga wao. Kisha inageuka: sasa umetutupa, umetuuza kwa bei ya bure, jirani zetu wanatucheka. Na hapo, mahali ambapo msomaji wa Kumbukumbu la Torati anangoja toba, inakuja kauli kwamba haya yote yametupata nasi hatukukusahau wala hatukulivunja agano lako. Tena, ni kwa ajili yako tunauawa. Hii ilikuwa sala ya ibada, ya taifa zima, nayo haikuondolewa.

Zaburi ya 89 inafanya jambo gumu zaidi. Aya zake 37 za kwanza ni sifa na kiapo: Mungu amemwapia Daudi kwamba kiti chake kitadumu kama jua na mwezi, na hata wanawe wakikosa ataadhibu lakini hatavunja agano. Halafu, bila daraja lolote, inamwambia Mungu kwamba amelivunja. Taji iko mavumbini, ngome ni magofu, ziko wapi fadhili zile za kwanza? Zamani niliisoma sehemu ya kwanza kuwa utangulizi tu wa ya pili. Siku hizi naiona kuwa msingi wa kesi. Mdai hana la kusema mbele ya hakimu asipokuwa na hati ya mkataba mkononi, na mwimbaji huyu ameisoma hati yote, kifungu kwa kifungu, kabla ya kushtaki. Asiyeamini ahadi hana sababu ya kulalamika. Atasema tu dunia ndivyo ilivyo. Anayelalamika kwa ukali hivi ni yule ambaye bado anaamini aliapiwa.

Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba malalamiko ni upungufu wa imani. Katika maandiko ya Kiebrania malalamiko ni njia moja ya kuishika ahadi.

Marabi waliujua mgongano wa zaburi zetu mbili, na walioushughulikia hawakuwa mafundi wa kuficha. Talmudi, katika risala ya Sota, inasimulia kwamba palikuwa na Walawi walioitwa waamshaji. Kila siku walipanda jukwaani hekaluni na kuimba ule wito wa Zaburi ya 44, wakimwita Mungu aamke. Kuhani mkuu Yohana, ambaye kwa kawaida hudhaniwa kuwa Yohana Hirkano, aliyetawala tangu mwaka 134 hadi 104 kabla ya Kristo, aliukomesha utaratibu huo. Hoja yake ilikuwa Zaburi ya 121: je, kuna usingizi mbele za Mungu? Kisha marabi wanaeleza kwamba wakati Israeli wamo katika dhiki na mataifa yamestarehe, wakati huo ndipo linaposemwa neno la kuamka.

Yohana alikuwa mfalme katika yote isipokuwa jina, katika siku za ushindi, nchi imepanuka na hazina imejaa. Huenda kelele za Walawi zilionekana kuwa zimepitwa na wakati. Namwelewa, lakini siungi mkono alichofanya. Walio madarakani huwa wa kwanza kuona kwamba kilio hakifai tena, na sala ya dhiki ikishaondolewa katika ibada, watu wenye dhiki hubaki hekaluni bila maneno yao.

Sauti ya kuamsha, hata hivyo, ina jibu ndani ya maandiko yenyewe, nalo halikuwa la kutarajiwa. Katika Isaya 51 watu wanauita mkono wa Mungu uamke kama siku za kale. Aya chache mbele, wito uleule unarudi ukiwa umegeuzwa: ni Yerusalemu sasa inayoambiwa iamke, isimame, maana imekinywea kikombe hadi mwisho. Mungu haambii watu wake kwamba hawakupaswa kupiga kelele. Anawarudishia kelele ileile kama agizo la kuinuka.

Ukienda mbele hadi sura ya 54 unafika kwenye aya ambayo Afrika Mashariki inaipenda kupita kiasi, ile ya 17, ya silaha zitakazoshindwa. Nimeiona kwenye vioo vya daladala, kwenye kuta za maduka, kwenye kadi za harusi. Siwakatazi watu kuipenda. Lakini mara ngapi tumesikia mahubiri juu ya aya ya 7 na ya 8 za sura hiyohiyo? Humo Mungu mwenyewe anasema kwamba kwa kitambo kidogo alimwacha mke wake, na kwamba kwa ghadhabu alimficha uso. Ahadi ya silaha imetolewa kwa mwanamke aliyekwisha kuachwa, na Mungu anakubali kwamba aliachwa. Kumhubiria mjane wa Bujumbura au wa Bukavu ile aya ya 17 peke yake, kana kwamba silaha hazikufanikiwa nyumbani kwake, ni kumwambia kwamba kilichompata hakikutokea, au kwamba imani yake ilikuwa na kasoro. Isaya hamwambii hivyo.

Nimtaje mtu mmoja wa karne iliyopita, kwa sababu alibeba jambo hili hadi mwisho. Kalonymus Kalman Shapira alikuwa rabi wa Piaseczno, karibu na Warszawa, Polandi. Tangu mwaka 1939 hadi 1942 alihubiri kwa Wayahudi wa Warszawa, waliokuja kufungiwa katika geto la mji huo, wakifa kwa njaa na maradhi, kisha wakipelekwa kuuawa Treblinka. Mwanawe alikuwa amekufa katika siku za mwanzo za vita. Katika mahubiri ya awali aliwaonya waliosema kwamba mateso kama haya hayajawahi kuwepo. Aliwakumbusha kubomolewa kwa hekalu na maangamizi mengine ya historia yao. Mwishoni mwa mwaka 1942 alirudi kwenye maandishi yake na kuongeza maelezo kwamba hayo aliyoyasema yalikuwa kweli hadi wakati ule, lakini yaliyotokea baadaye hayakuwa na mfano. Hakuyafuta maneno ya kwanza. Aliyaacha, akaandika haya kando yake. Maandishi hayo yalifichwa chini ya ardhi, yakapatikana baada ya vita, na kuchapishwa Israeli mwaka 1960. Yeye aliuawa mwaka 1943. Mwanafalsafa Eliezer Berkovits, katika kitabu alichokitoa mwaka 1973 juu ya imani baada ya maangamizi ya Wayahudi katika vita hiyo, aliirudia Zaburi ya 44 na kutofautisha uso wa Mungu unaofichwa kwa sababu ya dhambi, kama Kumbukumbu la Torati 31 inavyosema, na uso unaofichwa bila dhambi, kama zaburi inavyosema. Wote wawili walikuwa wakifanya kazi ileile ya waandishi wa zamani: kuweka kauli mbili pamoja, kwa sababu zote mbili ni kweli na hakuna yenye haki ya kuimeza nyingine.

Nimalizie na Maombolezo. Ni mashairi matano juu ya Yerusalemu iliyoungua. Manne ya kwanza yamepangwa kwa kufuata herufi 22 za alfabeti ya Kiebrania; shairi la tatu lina aya tatu kwa kila herufi. La tano lina aya 22 lakini halifuati tena mpangilio wa herufi. Katikati ya kitabu, sura ya 3, mna maneno ya tumaini yanayojulikana sana, ya rehema mpya kila asubuhi. Kitabu hakiishii hapo. Kinateremka tena, na aya yake ya mwisho, 5:22, inaliacha wazi swali la kama Mungu amewakataa kabisa.

Kila mwaka, tarehe 9 ya mwezi wa Abu, Wayahudi hufunga na kukisoma kitabu hiki sinagogini wakiwa wameketi chini au juu ya viti vifupi. Msomaji akifika mwisho, kusanyiko hurudia kwa sauti aya ya 5:21, ambayo ni ombi kwamba Mungu awarejeze kwake nao watarejea. Desturi hiyo hufuatwa pia mwishoni mwa Isaya, Malaki na Mhubiri, ili usomaji usiishie kwenye neno zito. Wapo wanaoiona kuwa hila ya kupamba mwisho. Mimi siioni hivyo, kwa sababu aya ya 22 hairukwi wala hainong'onwi. Husomwa mahali pake, yote, na wanaoliomba lile ombi la 21 mara ya pili ni watu waliokwisha kuisikia.